Neno la Herufi Tatu

Mgeni alikuja na gari jeupe, kofia pana ya jua na sentensi moja ndefu. Tulikuwa chini ya mgunga, upande wa barabara iendayo Garbatulla, wanaume wameketi kulia juu ya mawe na vigoda vyao, wanawake kushoto wametandika leso, watoto wamejibanza kwenye ua wa miiba. Kisima kilikuwa kimeshachimbwa, pampu imefungwa, tangi limeinuliwa juu ya miguu yake ya chuma. Kilichobaki ni maneno. Basi mgeni akasimama, akasema kwa Kiingereza na kwa pumzi moja: "The committee will run the borehole, but if you run the pump day and night it will run dry, and by then the project will have run out of money."

Run mara nne.

Mkalimani hakuharakisha. Alichora mistari minne mifupi mchangani kwa ncha ya bakora yake, akaitazama kama mtu anayehesabu mbuzi wakiingia zizini, kisha akasema kwa Kiswahili: "Kisima kitasimamiwa na kamati. Lakini pampu ikiwashwa usiku na mchana maji yatakauka, na siku hiyo mkiulizia pesa za mradi, zitakuwa zimekwisha." Akanyamaza kidogo, akaanza upya kwa Kiborana. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mama mmoja akauliza ni nani atakayeshika ufunguo wa chumba cha pampu.

Swali lile la ufunguo lilinitosha. Mtu haulizi habari za ufunguo kama hajaelewa kwamba kuna mlango. Neno moja lilikuwa limepasuliwa vipande vinne, simamia, washa, kauka, isha, na hapakuwa na kipande hata kimoja chenye miguu ya kukimbilia. Hakuna aliyeshangaa, hakuna aliyepiga makofi. Kazi ya mkalimani ina kawaida hiyo mbaya: ikifanywa vizuri haionekani, ikiharibika kila mtu huiona.

Nitamwita Mwalimu, kwa sababu ndivyo anavyoitwa na kila mtu, tangu chifu hadi vijana wa bodaboda. Alifundisha shule za msingi kaunti hii ya Isiolo kwa miaka mingi, akastaafu, na sasa huitwa kila panapokuwa na mgeni asiyejua lugha ya wenyeji na wenyeji wasiojua ya mgeni. Nimemfuata kwenye mabaraza kadhaa, nikikaa nyuma na daftari. Nilianza nikitaka kuandika habari za visima. Nikajikuta ninaandika habari za vitenzi.

Wengi wetu huogopa maneno makubwa. Mgeni akisema neno refu la semina, lile la uendelevu au ustahimilivu au wadau, tunamhurumia mkalimani. Mwalimu hucheka. Neno kubwa, anasema, ni kama noti ya elfu moja: likishabadilishwa mara moja, umelijua. Lina maana moja, nayo huja nayo kokote liendako. Kinachomtoa jasho ni sarafu ndogo ndogo. Run, set, get, take. Hayo ndiyo yanayoingia kila sentensi bila kubisha hodi, na kila mara yamevaa nguo nyingine.

Hajaongeza chumvi. Kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford, iliyoanza kutoka kipande kimoja kimoja mwaka 1884 na kukamilika mwaka 1928, imekuwa ikihangaika na maneno ya namna hiyo tangu mwanzo. Katika toleo lake la pili la mwaka 1989, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa set, likiwa na maana zipatazo 430. Baadaye zamu ikawa ya run. Mhariri mmoja wa kamusi hiyo, Peter Gilliver, alikaa na kitenzi hicho takriban miezi 9, akaibuka mwaka 2011 na maana 645. Miezi 9 ni muda wa mimba, tena mimba ya neno la herufi tatu ambalo mtoto wa Kiingereza hulijua kabla hajaota meno yote.

Nilipomweleza Mwalimu habari hiyo, alinyamaza kwa heshima, kama fundi seremala anayesikia habari za fundi mwenzake wa nchi ya mbali. Kisha akauliza, "Miezi tisa, akiwa ofisini?" Nikasema ndiyo. "Chini ya paa?" Ndiyo. Akatikisa kichwa. Yeye hupewa sekunde tatu, juani, na watu mia wakimtazama mdomo.

Sasa jinsi anavyozitumia hizo sekunde tatu ndilo jambo lililonifanya nirudi tena na tena.

Kwanza, kazi yake huanza kabla ya baraza. Humwendea mgeni garini, akamsalimu, akamwomba amwonyeshe chombo. Si karatasi, chombo. Pampu ni ya sola au ya dizeli? Swichi iko wapi? Maji yakipungua, inazimika yenyewe au inaungua? Wageni wengine humwona msumbufu. Lakini yeye anatafuta kitenzi. Pampu ya dizeli huwashwa, huzimwa na hutiwa mafuta, na huwa na mtu aliyekabidhiwa. Ya sola hufanya kazi jua likiwapo na hunyamaza yenyewe likizama. Mgeni atasema run kwa zote mbili. Mwalimu hawezi kusema neno moja kwa zote mbili, maana msikilizaji wake anataka kujua kama atahitaji kununua dizeli. Kwa hiyo hulijua jambo kwanza, na neno likija hukuta kiti chake kiko tayari.

Pili, husubiri. Vijana waliosoma, wanaofanya kazi hii kwa pupa, huanza kutafsiri mgeni akiwa katikati ya sentensi. Wakisikia run wamekwisha kukimbia nalo. Mwalimu husubiri mpaka aone nini kinafuata: run into, run over, run out, run away, run for. Katika Kiingereza, anasema, kitenzi ni farasi na lile neno dogo linalofuata ndilo hatamu. Usimpande farasi kabla hujaona hatamu ziko upande gani. Kwa Kiswahili hatamu tumezishonea ndani ya kitenzi chenyewe. Piga, pigia, pigana, pigiza, pigwa. Msikilizaji wetu hana haja ya kusubiri mkia wa sentensi. Amekwisha kupewa kila kitu pale kitenzi kilipotamkwa. Ndiyo maana mkalimani anayetoka Kiingereza hukaa kimya kirefu kuliko anayetoka Kiswahili, na wageni hudhani amesahau.

Tatu, ana ile bakora. Kila jambo mstari. Idadi huzirudia mara mbili, na ya pili huitaja akimtazama mgeni amthibitishie. Sijamwona akikosea tarakimu.

Isiolo ni mahali ambapo ufundi kama huu hauna budi kuzaliwa. Kwa miaka mingi lami iliyotoka Nairobi iliishia hapa. Mbele yake kulikuwa na vumbi na mawe zaidi ya kilomita 500 hadi Moyale, mpaka barabara hiyo ilipokamilishwa katika miaka ya 2010. Mahali lami inapoishia, watu hushuka. Walishuka wauza miraa wa Kimeru kutoka milima ya Nyambene, wafugaji wa Kiborana, Waturkana, Wasamburu. Wasomali waliopigana upande wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia walipewa makazi hapa, na wajukuu wao wangalipo. Simama kwenye bomba moja la maji na usikilize: huyu anaomba biyo, yule bisaan, mwingine ng'akipi, wa nne nkare, wa tano ruuji. Kiswahili ndicho kikombe kinachopitishwa mkono kwa mkono. Mwalimu alijifunzia kazi hapo, akiwa mtoto mnadani, akimsaidia mjomba wake kuuza mbuzi kwa watu wasioelewana hata salamu. Bei ikitafsiriwa vibaya, alisema, mtu anakosa mbuzi na wewe unakosa chai.

Hata jina la kazi yenyewe limesafiri. Mkalimani tumemnyofoa kwenye Kiarabu, palepale tulipotoa kalima, neno. Wasomali humwita turjubaan, Waoromo turjumaana, navyo vimetoka kwenye Kiarabu hichohicho ila mlango mwingine. Majirani watatu, visima viwili, maji yaleyale.

Lakini nirudi kwenye run, maana kuna siku moja iliyonifundisha kuwa kitenzi hiki kina hila kuliko nilivyodhani. Mgeni mwingine, si yule wa kisima, alikuwa ametundika ramani kubwa mtini. Akaweka kidole juu ya mto Ewaso Nyiro, akauburura kuelekea mashariki, kupita Archer's Post, kupita Merti, hadi kwenye kinamasi cha Lorian. "The river runs to Lorian," akasema. Sentensi nyepesi, mtoto wa darasa la nne angeiweza: mto unatiririka hadi Lorian.

Mwalimu akakaa kimya. Kisha: "Njia ya mto huu inaishia Lorian."

Baadaye nikamuuliza kwa nini hakusema unatiririka. Akanionyesha wazee waliokuwa wameketi mbele. Hao, akasema, wamekuja kutoka chini kule. Ulikuwa mwaka wa ukame, na wakati wa kiangazi maji ya Ewaso Nyiro hukatika njiani, yakaacha mchanga mtupu. Angewaambia maji yanatiririka hadi Lorian, wangesimama wamwambie mgeni ni mwongo, na baraza lingefia hapo. Mgeni hakudanganya. Run ya ramani haizungumzii maji, inazungumzia mstari. Kiingereza kinaruhusu mto ukauke na bado u-run, kama vile ua, nyaya za umeme na mpaka vinavyo-run bila kusogea hata shubiri. Kiswahili hakikubali. Kiswahili kinauliza: maji yapo au hayapo?

Niliandika jambo hilo daftarini nikalipigia mstari. Mtunga kamusi angelipa namba yake, pengine ya mia na kitu katika zile 645, na kulifafanua kwa ustadi. Mwalimu hakuwa na namba. Alikuwa na wazee wa kutoka chini mtoni.

Mpaka ndio hatari zaidi. Katika kaunti hii, ambako kugombania mipaka na majirani ni habari ya kila msimu, mgeni akisema boundary fulani runs hapa na pale, Mwalimu hatasema mpaka unapita, achilia mbali unakimbia. Kitu kinachopita leo kinaweza kupita kwingine kesho. Husema, "Alama zimewekwa kuanzia pale hadi pale," na huwa mwangalifu kuongeza, "kwa mujibu wa karatasi ya mgeni." Hayo maneno sita ya mwisho hayamo katika Kiingereza alichokisikia. Mtu mkali wa kanuni atasema ameongeza. Mimi nasema amehamisha kidole cha mgeni kutoka kwenye ardhi na kukirudisha kwenye karatasi, pale kilipokuwa.

Majira ya uchaguzi humpumzisha, kwa kuwa huko Kiswahili kimejitosheleza zamani. Wamarekani hu-run, Waingereza husimama, sisi tunagombea au tunawania, na anayelisikia neno gombea anajua kabisa kwamba ndani yake mna ugomvi. Running mate tukamfanya mgombea mwenza, jina zuri kuliko la Kiingereza, maana halimlazimishi mtu mzima kukimbia. Uchaguzi wa urais uliorudiwa tarehe 26 Oktoba 2017, baada ya Mahakama ya Juu kuubatilisha wa Agosti, tuliuita marudio. Run-off ni duru ya pili. Shida ilitokea pale mhandisi wa maji, mwaka wa siasa, aliposimama kuzungumzia run-off na umuhimu wa kuivuna. Kijana aliyekuwa akikalimani siku hiyo, wala si Mwalimu, akawatangazia wananchi kwamba serikali inawahimiza wavune duru ya pili. Mzee mmoja akasema wao hata ya kwanza hawajaonja matunda yake. Mhandisi alikuwa na maana ya maji ya mvua yanayoteleza juu ya ardhi bila kuzama, yale ambayo katika nchi kavu kama hii yangefaa kuzuiwa kwa vibwawa.

Na kwenye uwanja wa ndege wa Isiolo, Waingereza wana njia ya kukimbilia na sisi tuna njia ya kurukia. Ndege moja, lami moja. Wao wametazama magurudumu, sisi tumetazama mabawa.

Kuna sehemu moja tu ninayoijua ambapo lugha hizi mbili zilifika mahali pamoja bila kuambiana. Kenya, mtu akiharisha, Kiingereza chetu cha mitaani kinasema ana running stomach. Na Kiswahili chetu cha mitaani kinasema tumbo linamwendesha, au kwa ufupi anaendesha. Kuendesha ni hilohilo neno la gari, la duka, la shule, la kamati. Yaani run ya kusimamia na run ya tumbo, ambazo Kiingereza kiliziweka chini ya paa moja, Kiswahili nacho kimeziweka chini ya paa moja, kwa sababu zake chenyewe. Unaona hatari iliyopo. Mwalimu mwenyewe alinisimulia, huku akifuta machozi ya kicheko, jinsi alivyoingia mtegoni ujanani. Mgeni wa afya aliuliza, "Who is running this clinic?" Naye, kwa kujiamini, akawageukia akina mama waliokuwa wamepanga foleni na watoto mgongoni, akauliza: "Ni nani anayeendesha hapa?" Mikono ikainuka karibu yote.

Tangu siku hiyo husema simamia. Sentensi aliyoitumia kisimani, ile ya kamati kusimamia kisima, ina kovu la zahanati ndani yake. Fundi yeyote ana vidole vyenye makovu kama hayo, na ukimwona hashiki msumeno mahali fulani, usimuulize sana.

Tusijidai, hata hivyo, kwamba ni Kiingereza peke yake kinachofuga maneno ya namna hii. Sisi tuna piga. Nilimwona kijana wa Kizungu, mfanyakazi wa kujitolea, akijifunza Kiswahili hapa mjini, akiwa na orodha iliyomkatisha tamaa: tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga kura, tunapiga mswaki, deki, magoti, hodi, kambi, mbizi, miayo, chafya, mluzi, marufuku, soga na moyo konde. Aliuliza kama kuna kitu chochote Waswahili hufanya kwa upole. Nikamwambia aangalie kula, labda kitamfariji: tunakula kiapo, hasara, njama, rushwa, raha na mweleka, na mzee aliyeishi sana amekula chumvi nyingi. Halafu nikamwonyesha, kwenye ramani ya kaunti yetu, mahali panapoitwa Kula Mawe. Akafunga daftari.

Piga ikiwa mikononi mwa mkalimani mbaya ina madhara kuliko run. Katika kesi moja, kwenye mji nisioutaja, shahidi alisema kuhusu mshtakiwa: "Alinipigia mara tatu." Ikatafsiriwa kwamba alimpiga mara tatu. Irabu moja, i ndogo katikati ya neno, ndiyo inayotenganisha simu tatu na ngumi tatu. Bahati, wakili mmoja alikuwa na masikio, akasimama. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Wakili angekuwa anatafuta karatasi zake wakati ule, hiyo irabu ingekuwa imelala kwenye kumbukumbu za mahakama hadi leo.

Sheria yenyewe inalitambua hilo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya kusaidiwa na mkalimani bila kulipa ikiwa haelewi lugha inayotumika katika kesi yake. Na zamani kabla ya hapo, mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, ilikuwa imeweka utaratibu unaotajwa hadi leo: shtaka na kila kiungo chake muhimu yaelezwe kwa mshtakiwa katika lugha yake au lugha anayoielewa, na akikiri, maneno yake mwenyewe yaandikwe kwa kadiri inavyowezekana. Maneno yake mwenyewe. Majaji wale walijua kwamba kukiri kunaweza kuongezwa au kupunguzwa kwenye daraja la kati, kama maziwa yanavyoongezwa maji kati ya boma na soko.

Mwalimu naye amewahi kuitwa mahakamani, mara chache, palipokosekana mtu wa Kiborana. Anasema huko ndiko run ilikomtisha kweli. Polisi anaandika kwa Kiingereza kwamba mtuhumiwa ran. Je, alikimbia, au alitoroka? Kukimbia ni miguu tu. Mtu hukimbia mvua, hukimbia ng'ombe mkali, hukimbia risasi zisizomhusu. Kutoroka kuna hatia ndani yake. Ukisema alitoroka umeshamhukumu kabla ya hakimu. Ukisema alikimbia pengine umemwokoa asiyestahili. Kwenye ajali za barabarani nako, gari ran into mtu na gari ran over mtu: la kwanza lilimgonga, la pili lilimkanyaga, na familia iliyoketi kwenye benchi la nyuma inasikiliza. Nilimuuliza hufanyaje. Akasema huomba ruhusa ya hakimu amuulize shahidi: mguu wake ulielekea wapi, na nani alikuwa nyuma yake? Anauliza kwanza habari ya mguu ndipo atoe neno. Wengine wanamwona anachelewesha kesi.

Kwangu mimi kuchelewa huko ndiko ufundi wenyewe. Sizungumzii kipaji. Kipaji cha lugha kimejaa Isiolo. Utamkuta mtoto wa miaka kumi anayeuza maji ya chupa stendi kwa lugha nne. Mtoto huyo ana maneno. Kile ambacho hana bado ni ile tabia ya kulishika neno, kuligeuza, kulitazama upande wa chini kama mama anavyogeuza kibuyu kabla ya kukinunua, na kuwa radhi kuonekana mzito mbele ya watu mpaka ajue. Mwalimu alikaa miaka arobaini na hajamaliza. Juzi nilimkuta akiwaza habari ya ngamia. Mgeni alikuwa amesema ngamia wa mtu fulani ran off, na yeye akawa ametafsiri kwamba wako fora, yaani wamepelekwa malisho ya mbali na wachungaji wao. Wenyewe walikuwa wamepotea. Hakuna aliyedhurika, kosa lilirekebishwa palepale na mchungaji mwenyewe, lakini Mwalimu alikuwa bado analitafuna siku mbili baadaye. "Nilisikia off," akasema, "nikaona mbali. Nikaacha kuuliza kama kulikuwa na mtu nyuma yao."

Baraza la kisima lilikwisha saa saba mchana. Wazee waliomba dua, wanawake wakakung'uta leso zao, mgeni akapewa maziwa ya ngamia akanywa yote, jambo lililompandisha cheo. Swali la ufunguo lilijibiwa: funguo zitakuwa mbili, mmoja kwa mwenyekiti wa kamati, mwingine kwa mama mmoja aliyechaguliwa pale pale. Pampu ikawashwa kwa majaribio. Watoto wakaacha ua na kukimbilia bomba, na hao walikuwa wanakimbia kweli, kwa maana ya kwanza kabisa ya neno.

Mwalimu alipewa soda moja na nauli ya kurudi mjini. Niliomba kuitazama orodha ya mahudhurio kabla haijaingizwa garini. Ina safu nne: jina, namba ya simu, wadhifa, sahihi. Mhandisi ameandikwa mhandisi, chifu ameandikwa chifu, hata dereva ameandikwa dereva. Mbele ya jina la Mwalimu, kwenye safu ya wadhifa, pamewekwa kistari.